Kiabakari: Dhahabu na Barabara

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Magu, Lamadi na Bunda, kisha huingia Kiabakari. Ni kijiji kidogo cha Mkoa wa Mara, nacho kimo katika Wilaya ya Butiama iliyoanzishwa mwaka 2012. Wengi hukipita bila kuteremka garini. Hata hivyo kina habari zifaazo kujulikana, hasa na vijana wadhanio kwamba utajiri wa mahali ni kile tu kilichofukiwa ardhini.

Jina la Kiabakari lilienea kwa sababu ya dhahabu. Wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na mgodi mkubwa hapa, na watu wakaja kutafuta kazi. Katika miaka ya 1960 mgodi huo ulifungwa. Mashine zikanyamaza, lakini kijiji hakikufa, kwani njia ilibaki.

Siku za zamani njia zenyewe hazikuwa nyepesi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Tanganyika ikafika Mwanza mwaka 1928. Musoma, iliyo baina ya miji hiyo miwili, haikupata reli, ikategemea meli za Ziwa Viktoria. Mtu wa bara alitegemea miguu yake. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alipokwenda kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, alitembea maili kama 26. Butiama hiyo ni jirani ya Kiabakari, na leo mwendo huo ni wa muda mfupi kwa gari.

Ukitoka Kiabakari kwenda kaskazini utafika Makutano. Hapo njia hugawanyika: moja yaenda Musoma, na nyingine yavuka Mto Mara kwa Daraja la Kirumi, ikapita Tarime hata Sirari, mpakani mwa Kenya.

Mpaka huo asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wakurya, watu wa lugha moja, wakajikuta baadhi yao huku na baadhi yao kule. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe hata mwaka 1983. Hapo ilidhihirika kuwa lami na changarawe hazitoshi: watu wasipopatana, barabara nzuri haina pa kwenda. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na leo mabasi na malori hupita Kiabakari yakienda na kurudi.

Basi, wakaao kando ya njia wana amana mkononi. Njia huleta mnunuzi wa mahindi na samaki, lakini pia huleta mwendo wa kasi penye watoto waendao shule. Yafaa wazazi wawafundishe watoto kuvuka kwa hadhari, na madereva wapunguze mwendo. Wala tusisahau kwamba Kurani imemtaja msafiri aliyekatikiwa njiani miongoni mwa makundi manane yastahiliyo zaka. Dhahabu huchimbwa ikaisha. Mgeni akitendewa wema atapita tena, na atawaleta wenziwe.