Fluoroskopi: Mpya au Iliyokarabatiwa?

Eksirei ya kawaida hutoa picha moja iliyoganda. Fluoroskopi huonyesha mwili ukifanya kazi: bariamu ikiteremka kooni, mirija ya uzazi ikipitisha dawa au ikigoma, daktari akirudisha mfupa mahali pake huku akiutazama kwenye skrini. Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, umepakana na viwanda, na viwandani mikono huumia, kwa hiyo si ajabu mwenye kliniki kuitamani mashine hii.

Asikimbilie. Wagonjwa wengi wa mtaani wanahitaji picha ya kifua au ya mfupa, na eksirei ya kidijitali huitoa kwa mionzi michache zaidi. Kifua kikuu hasa hakitaki fluoroskopi. Huko Massachusetts, katika karne iliyopita, wanawake wenye kifua kikuu walitazamwa mapafu kwa mashine hii mara nyingi wakati wa matibabu, na miaka baadaye saratani ya matiti ikaonekana kwao zaidi kuliko ilivyotarajiwa.

Kama daktari wa mifupa yupo na kazi ipo, basi tuzungumze bei. Kuna mashine ya mtumba iliyopanguswa vumbi na kupakwa rangi, na kuna iliyorudi kwa mtengenezaji, ikabadilishwa sehemu zilizochoka na kupimwa upya. Kwa macho zinafanana.

Tofauti imejificha kwenye tyubu inayotoa mionzi na kwenye kipokezi. Mashine nyingi za zamani zina kikuza taswira, chombo kama pipa fupi kinachogeuza mionzi kuwa mwanga. Hicho hufifia kadiri miaka inavyokwenda, ila mashine haikwambii. Kidhibiti cha mwangaza kikiona skrini inafifia, huongeza mionzi chenyewe, na picha hurudi kung'aa. Gharama inawaangukia mgonjwa aliye mezani na daktari aliyesimama ubavuni mwake. Kwa hiyo usilainishwe na picha nzuri ya muuzaji. Mwambie aweke bamba la shaba kwenye njia ya mionzi, asome kipimo kwa dakika, kisha mlinganishe na viwango vya mtengenezaji. Soma na lebo ya tyubu. Tyubu changa kuliko mashine ni habari njema, mradi kuna risiti ya aliyeibadilisha.

Mashine nyingi mpya huja na kipokezi cha paneli bapa, ambayo haichakai kwa namna hiyo, lakini ikiharibika ni kipuri ghali mno. Kati ya mpya ya bei poa isiyo na fundi Nairobi na C-arm (fluoroskopi yenye mkono wa umbo la C) iliyokarabatiwa na mtengenezaji mwenyewe, yenye dhamana na vipuri, mimi nachukua ya pili bila kusita.

Upya peke yake hauokoi kitu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodishia hospitali za kaunti vifaa vya kisasa, na baadhi vikakaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au vyumba vya kuviweka.

Kwa Reuben mambo hayo huanzia kwenye mita. Mashine ya kufungwa chumbani kwa kawaida hutaka umeme wa fezi tatu, volti 415. C-arm nyingi za magurudumu hutosheka na soketi ya volti 240. Umeme wa sambaza, yaani wa kuunganishiwa kinyemela, unaoyumba kila jirani akiwasha pasi, haufai kwa yoyote kati ya hizo.

Halafu ukuta. Mabati hayazuii mionzi, na upande wa pili pengine pana kitanda cha mtoto. Kikomo cha mtu wa kawaida ni milisivati 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi, 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Chumba kinataka zege au risasi, kwa unene uliokokotolewa na mtaalamu. Leseni hutolewa na KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia na mionzi Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na huombwa kabla mashine haijaagizwa, si ikiwa imekwama bandarini.

Kwenye mkataba, dai nywila za matengenezo na tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kutoa vipuri, vyote kwa maandishi. Malipo ya mwisho yasubiri mtaalamu wa fizikia ya tiba, asiyelipwa na muuzaji, aipime mashine ikiwa imeshafungwa chumbani mwako.