Safari ya Miguu Mpaka Chemchemi ya Umani

Katika nchi ya Ukambani mito iliyo mingi ni ya mchanga. Ye yote aliyevuka Mto Tiva au Mto Thua, upande wa Kitui, katika mwezi wa Septemba, analijua jambo hilo vema: mtoni hamna maji, bali mna mchanga mkavu, na watu wenye punda na madebe wakichimba visima vya mkono ili wayafikie maji yaliyojificha chini. Mahali mto unaposhuka kwenye jabali pana maporomoko ya majuma machache tu, wakati wa mvua. Siku nyingine zote ni jabali lenye alama ya maji, na mbuzi hulala juu yake. Kwa hiyo mtu wa huku atakaye kutazama maji yatiririkayo mwaka mzima afadhali ashike njia ya Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, akaione chemchemi ya Umani.

Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, mwendo upatao kilomita 200 kutoka Nairobi, na tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya nayo husimama huko. Msitu wa Kibwezi hauko mbali na mji. Mgeni hufika kwanza kwa watu wa Idara ya Misitu, hulipa ada yake, kisha hupewa askari wa kumwongoza. Wako vijana wanaoona jambo la askari kuwa ni usumbufu, wakisema kwamba wao wenyewe wamezaliwa porini. Na waambiwe mapema kwamba ndovu haulizi mtu amezaliwa wapi. Msitu huu una ndovu na nyati wa kweli, wala si wa picha, na ni heri kufuatana na mtu anayeweza kuusoma unyayo mpya.

Njia yenyewe si ndefu, na mzee mwenye fimbo aweza kuimaliza bila taabu kubwa, lakini inataka viatu vigumu. Ardhi ni mawe meusi yenye matundu, makali kama vigae vya chungu kilichovunjika. Hayo ni mawe yaliyotoka zamani katika milima ya moto ya Chyulu, yakatiririka kama uji, kisha yakapoa. Hatua chache baada ya kuliacha jua kali la nje, hali hubadilika kabisa. Miti hukutana juu, hewa huwa na ubaridi, na vipepeo, ambao msitu huu unasifika kwa ajili yao, huruka mbele ya miguu ya wapitaji. Hapa pana mikuyu mikubwa, na pana migunga ile yenye gome la manjano ipendayo kusimama karibu na maji. Mtu aliyezoea vichaka vya miiba vya Makueni hushangaa kwamba msitu wa namna hii umo katika wilaya moja na shamba lake.

Kisha maji yenyewe. Hayaji kwa kelele kutoka juu kama maporomoko ya nchi za milima mirefu. Yanatoka chini ya mawe, meupe safi, yakajaza vidimbwi ambavyo mtu aweza kuhesabu kokoto zilizomo ndani, halafu yakaanza safari yake kuelekea Mto Kibwezi na hatimaye Mto Athi.

Maji hayo yatoka wapi, katika nchi kavu kama hii? Jibu liko magharibi, katika milima ya Chyulu, ambayo kilele chake chapita mita 2,100. Mvua na ukungu huanguka huko juu, lakini milima ile haina mto hata mmoja. Mawe yake yana matundu mengi hivi kwamba maji yote huzama kama katika kichungi. Na ndani yake mna mapango marefu, moja likipita kilomita 11. Maji husafiri chini kwa chini, yakatokea mbali. Yanayotokea kusini ni chemchemi ya Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 hupelekwa Mombasa kwa bomba. Yanayotokea mashariki ni haya ya Umani, yanayonywewa katika mji wa Kibwezi.

Maji haya yalipata kuwavuta wageni wa mbali. Mwaka 1891 Daktari James Stewart, mmisionari Mskoti aliyekuwa mkuu wa Lovedale katika Afrika ya Kusini, alikuja kutoka Mombasa na wenzake wakajenga misheni Kibwezi. Palionekana pazuri: maji tele, kuni, kivuli, na njia ya misafara karibu. Lakini homa iliwashika mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao walizikwa huko huko. Siku zile Wazungu wengi walidhani homa yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na hata ile migunga ya manjano ilishukiwa kuwa ndiyo iletayo ugonjwa. Mbu hakushitakiwa mpaka mwaka 1897, Ronald Ross alipoiona mbegu ya malaria ndani ya mbu huko India. Mwaka uliofuata misheni ilihamia Kikuyu penye baridi, na ndiyo sababu shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, iko huko. Nani ajuaye? Pengine bila mbu wale, wanafunzi wa Alliance wangalikuwa wakiteka maji ya Umani hata leo.

Siku hizi hatari imegeuka. Si maji yanayomtishia mtu, bali mtu anayeyatishia maji. Ukungu wa Chyulu hunaswa na miti iliyo juu, nayo hukatwa kwa makaa, na majani ya milimani huchomwa moto karibu kila kiangazi. Mteremko ukibaki mtupu, mvua hukimbia na udongo badala ya kuzama. Shirika la Sheldrick husaidiana na Idara ya Misitu kuulinda msitu wa Kibwezi, na tangu mwaka 2014 limekuwa likilea humo ndovu yatima, hasa wale wenye majeraha ambao hawangeweza kuishi Tsavo.

Lakini mkulima naye ana neno lake, na ni haki asikilizwe. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mtu ambaye mahindi yake yamekauka, au yameliwa na ndovu, huona gunia la makaa kando ya barabara kuwa ndiyo karo ya mtoto. Mwaka 2018 serikali ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema, lakini amri peke yake haimlipi mzazi karo. Mizinga ya nyuki, ambayo Wakamba waliijua kabla ya misheni yo yote, imeanza kutundikwa tena kandokando ya misitu, na mzinga hauna faida pasipo mti wa kuutundika.

Wageni huhimizwa kufika asubuhi na kuondoka kabla jua halijapungua. Baada ya hapo njia ile ile nyembamba huwa ya ndovu washukao kunywa.