Magari Yaliyofunzwa Kutembea Juu ya Theluji

Mimi theluji naijua kwa macho tu, tena kwa mbali, kule kileleni mwa Mlima Kenya asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini matope nayajua vizuri. Masika fulani huko kwetu, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane. Gari lilikuja kumchukua, likafika kwenye mteremko, likazama hadi tumboni. Ikabidi wanaume wambebe mama huyo kitandani, mwendo wa saa mbili, mpaka kwenye lami. Alijifungua salama. Niliposoma habari za magari ya kwanza ya theluji, nilikumbuka usiku ule.

Wengi hudhani taabu ya gari kwenye theluji ni utelezi. Utelezi upo, ndiyo, lakini taabu kubwa ni kuzama. Theluji iliyoanguka karibuni ni laini, na uzito wote wa gari hukaa juu ya mahali padogo panne, pale magurudumu yanapogusa chini. Mliona wenyewe Siku ya Wazazi mvua iliponyesha: mama aliyevaa viatu vya visigino vyembamba alizama uwanjani kila hatua, na mzee mnene mwenye gambuti akampita bila wasiwasi! Si kwamba mzee ni mwepesi. Uzito wake umetandazwa.

Mwaka wa 1908 Ernest Shackleton alifika Antaktika na gari aina ya Arrol-Johnston, gari la kwanza kabisa katika bara hilo. Juu ya barafu ngumu ya baharini lilikwenda na kuvuta mizigo. Lilipoingia kwenye theluji laini, magurudumu yakazunguka pale pale kama ya matatu yetu mwezi wa Aprili. Robert Scott akaja Januari 1911 na sleji tatu za injini. Hizi hazikuwa na magurudumu ya kawaida bali minyororo mipana kama ya tingatinga. Wazo lilikuwa zuri, lakini bahati mbaya! Moja ilipasua barafu wakati wa kushushwa melini, ikazama baharini. Mbili zilizobaki ziliondoka Oktoba, na baada ya siku chache tu zikafa njiani. Ajabu ni kwamba katika baridi ile kali injini zilikuwa zikipata moto kupita kiasi, ikabidi zisimamishwe kila mara zipoe, mpaka vyuma vya ndani vikavunjika. Watu wakavuta mizigo wenyewe.

Aliyepata dawa nzuri zaidi alikuwa Mfaransa, Adolphe Kégresse, aliyetunza magari ya mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili. Badala ya minyororo mizito ya chuma, yeye alifunga mikanda ya mpira mahali pa magurudumu ya nyuma. Mbele akaweka mbao za kutelezea. Mapinduzi ya 1917 yalipomwondoa mfalme, Kégresse alirudi kwao, lakini kazi yake haikutupwa: Lenin naye alipanda Rolls-Royce yenye mikanda hiyo. (Wakubwa hawapendi kutembea kwa miguu, hata baada ya mapinduzi.)

Huko Ufaransa, kampuni ya Citroën iliona kwamba mchanga nao humeza gurudumu kama theluji. Magari yenye mikanda ya Kégresse yakavuka Sahara kati ya Desemba 1922 na Januari 1923. Kisha, Oktoba 1924, mengine manane yaliondoka Aljeria kuja huku kwetu. Yalipofika Kampala yaligawanyika makundi manne, na kundi moja likapitia Kenya mpaka Mombasa mwaka wa 1925. Ati kifaa cha theluji ya Urusi kilipita hapa kabla babu zetu hawajazaliwa!

Lakini anayenigusa mimi zaidi ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, katika jimbo la Quebec, Kanada. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15 tu, umri wa vijana wa Kidato cha Pili, alifunga injini ya Ford na propela juu ya sleji, akaiendesha kijijini pamoja na ndugu yake. Baba yao aliona propela ile itakata mtu, akaamuru ivunjwe siku hiyo hiyo.

Alipokua akawa makanika. Majira ya baridi ya 1934, mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, aliugua kidole tumbo. Barabara zote zilikuwa zimefungwa na theluji, na gari la theluji alilokuwa akilijaribu baba yake halikuwa limekamilika. Mtoto hakufikishwa hospitalini. Akafa.

Mwaka uliofuata Bombardier alipata alichokuwa akitafuta: gurudumu la meno lililofunikwa mpira, lenye kuzungusha mkanda wa mpira uliokazwa kwa vipande vya chuma, bila theluji kuganda ndani yake. Hati ya uvumbuzi aliipata 1937. Gari lenyewe aliliita B7, yaani Bombardier, abiria saba. Miongoni mwa wateja wake wa kwanza walikuwa madaktari wa mashambani.