Afrika Kusini: Mtoto wa mhamiaji na siku ya kwanza ya shule mjini Johannesburg

Kila mwaka, katikati ya mwezi Januari, milango ya shule za umma mjini Johannesburg hufunguliwa kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza. Sare huwa zimepigwa pasi tangu jana yake, viatu vyeusi vimeng'arishwa, na wazazi wengi hubaki wamesimama nje ya uzio hata baada ya kengele kulia. Mwaka 2026 siku hiyo iliangukia tarehe 14 Januari.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili katika mitaa kama Yeoville, Berea na Rosettenville, zikiwemo zilizotoka mashariki mwa Kongo, Burundi na Tanzania, maandalizi hayaishii kwenye sare. Lipo swali linalowakosesha usingizi: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, au ambaye wazazi wake bado wanasubiri uamuzi kuhusu ombi lao la hifadhi, je, atapokelewa?

Jibu la sheria ni ndiyo. Hata hivyo, kati ya sheria na lango la shule kuna umbali, na mzazi asiyezijua haki zake ndiye anayeweza kurudi nyumbani na mtoto aliyevaa sare mpya.

Umri na tarehe

Kwa mujibu wa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka mitano, iwapo atatimiza sita ifikapo tarehe 30 Juni ya mwaka huo. Kabla ya hapo kuna darasa la awali, linalojulikana kama Grade R. Darasa hilo liliingizwa katika elimu ya lazima na sheria ya marekebisho iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa mwezi Septemba 2024, ingawa utekelezaji wake ulipangwa kufanyika hatua kwa hatua.

Katika jimbo la Gauteng, ambako ndiko uliko mji wa Johannesburg, maombi ya darasa la kwanza yamekuwa yakipokelewa kwa njia ya intaneti tangu mwaka 2016, kwa kawaida katikati ya mwaka unaotangulia. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Mzazi aliyezoea kumshika mtoto mkono na kumpeleka shule ya jirani wiki ya kufungua hukuta nafasi zimekwisha zamani. Anayechelewa hupangiwa mtoto wake shule yenye nafasi, hata kama iko mbali, na nauli ya kila siku huwa mzigo mpya kwa familia.

Sheria mbili zilizovutana

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kupata elimu ya msingi. Haisemi kila raia, bali kila mtu. Lakini Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2002 inazikataza taasisi za elimu kumfundisha mgeni aliye nchini kinyume cha sheria. Walimu wakuu wengi walijikuta katikati, wakihofia kuadhibiwa iwapo wangempokea mtoto asiye na hati.

Mvutano huo ulifika mahakamani baada ya idara ya elimu ya jimbo la Eastern Cape kuamua, mwaka 2016, kutozilipia shule fedha za wanafunzi wasio na namba za utambulisho. Tarehe 12 Desemba 2019, Mahakama Kuu mjini Makhanda ilitoa hukumu kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa, na kwamba Sheria ya Uhamiaji haizuii elimu ya msingi kwa watoto wasio na hati. Pale ambapo cheti hakipo, mahakama ilielekeza ushahidi mwingine ukubaliwe, kama vile hati ya kiapo ya mzazi au mlezi. Sheria ya mwaka 2024 nayo inamtaka mwalimu mkuu ampokee mtoto na kumshauri mzazi namna ya kutafuta hati zinazokosekana.

Pamoja na hayo, hofu haijatoweka. Shule za Gauteng zina msongamano mkubwa, na wazazi wengi wa Afrika Kusini nao hukosa nafasi karibu na nyumbani. Baadhi ya makundi yamewalaumu wageni kwa hali hiyo. Mwezi Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamuru kundi la Operation Dudula liache kuwadai watu vitambulisho na kuingilia huduma za afya na elimu.

Mzazi akikataliwa

Mzazi anashauriwa kwenda na kila alichonacho: kibali cha mwomba hifadhi, pasipoti hata kama muda wake umekwisha, uthibitisho wa makazi na kadi ya chanjo. Hati ya kiapo hupatikana bila malipo katika kituo cha polisi. Asiye na kadi ya chanjo huelekezwa kliniki, ambako watoto huchanjwa bure.

Sheria inakataza mtoto kupewa mtihani ili aruhusiwe kujiunga na shule ya umma, na inakataza pia mtoto kukataliwa kwa sababu mzazi hajalipa karo. Tangu mwaka 2007, shule nyingi za maeneo maskini hazitozi karo kabisa. Katika zile zinazotoza, mzazi mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe yote au sehemu yake.

Akikataliwa, mzazi aombe sababu kwa maandishi, kisha aende ofisi ya elimu ya wilaya. Anayo haki ya kukata rufaa. Mashirika ya kutetea haki yaliyoko Johannesburg, kama Lawyers for Human Rights na Section27, yamewahi kushughulikia masuala ya aina hii.

Kwa watoto waliokosa shule kabisa, mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa Three2Six katika shule ya Sacred Heart College, mtaani Observatory. Jina lake linatokana na saa za masomo. Wanafunzi wa kawaida wakishaondoka, watoto wa wakimbizi waliingia katika madarasa yale yale kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni.

Kumwandaa mtoto mwenyewe

Mtoto wa miaka sita hajui mahakama wala idara. Anachokijua ni kwamba ataachwa mahali pageni, miongoni mwa watu wanaozungumza lugha asiyoielewa. Shule nyingi za katikati ya jiji hufundisha kwa Kiingereza, huku Kizulu kikisikika sana uwanjani. Mtoto aliyefundishwa kuamkia shikamoo hatasikia marahaba.

Hakuna haja ya kumfundisha lugha nzima katika wiki mbili. Sentensi chache zinatosha kuanzia: jina langu ni fulani, naomba kwenda msalani, naomba maji, naumwa, sijaelewa. Ajue pia jina kamili la mzazi wake, aweze kufungua vifungo vya nguo peke yake, na amjue kwa sura mtu atakayekuja kumchukua.

Kiswahili cha nyumbani kisiachwe. Tangu mwaka 1953, Shirika la UNESCO limekuwa likisisitiza kwamba mtoto huanza kujifunza vizuri zaidi kwa lugha yake ya mama. Anayesimuliwa hadithi na kuhesabu kwa Kiswahili tayari ana maarifa ya kuyajengea lugha ya pili.

Jambo jingine ni mazungumzo ya watu wazima. Mtoto anayesikia kila usiku habari za vibali na polisi anaweza kudhani kwamba kwenda shule ni kosa. Ni vyema asikie kutoka kwa mzazi wake, kwa maneno mepesi, kwamba shule ni mahali pake. Asubuhi yenyewe kuaga kuwe kufupi, na mzazi amwambie mtoto saa atakayorudi kumchukua, kisha afike saa hiyo.

Kupokelewa shuleni si kibali cha kuishi nchini, na hakumalizi suala la hati. Mzazi hana budi kuendelea kulifuatilia, kwani hukumu ya Makhanda inahusu elimu ya msingi, na kijana atakayetaka kuingia chuo kikuu ataulizwa tena karatasi hizo hizo. Lakini karatasi zinaweza kutafutwa huku mtoto akiwa darasani, asipoteze mwaka wa masomo akizisubiri.