Kipima Mchapuko na Kazi Zake

Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo wa kitu hubadilika kwa kila sekunde, ama kwa kuongezeka, kwa kupungua au kwa kugeuka upande, na kifaa cha kuupima, yaani kipima mchapuko, kimo ndani ya takriban kila simu janja. Msingi wake ni kanuni alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687, zinazoeleza kuwa kitu hukinza kubadilishiwa mwendo wake, kama abiria wa daladala ambaye mwili wake hubaki nyuma gari linapoondoka ghafla. Ndani ya kifaa hicho mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba, chenye meno yanayopishana na meno mengine yasiyosogea. Simu inaposukumwa, kipande huchelewa kuifuata, nafasi kati ya meno hubadilika, na uwezo wa meno hayo kuhifadhi chaji ya umeme hubadilika pia, ndipo saketi husoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa namba.

Wengi hudhani kwamba kifaa hiki hupima kasi, na dhana hiyo huwaficha kiini cha jambo lenyewe. Simu iliyolala mezani bila kutikisika husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba, kwa kuwa meza huisukuma juu na springi hulemewa na uzito wa kipande. Lakini simu inayoanguka husoma karibu sifuri ingawa kasi yake inaongezeka, kwa sababu kipande na fremu yake huanguka pamoja wala kimoja hakisukumi kingine. Ni kwa tabia hiyo simu hutambua upande wa chini na kuigeuza picha kwenye kioo, na baadhi ya kompyuta mpakato zilihisi kuwa zinaanguka, zikaondoa kichwa cha kusomea juu ya diski kabla ya kugonga sakafu.

Katika magari, chipu za aina hii zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kuamua ni lini mfuko wa hewa ufumuke. Vifaa kama hivi vinahitaji uangalifu mkubwa katika kuvipachika, kwani tarehe 8 Septemba 2004 kapsuli ya chombo cha NASA kiitwacho Genesis, iliyobeba chembe za upepo wa jua, iligonga jangwa la Utah kwa kasi ya takriban kilomita 310 kwa saa bila parachuti kufunguka, kwa sababu swichi zilizopaswa kuhisi kupungua kwa mwendo zilikuwa zimewekwa kinyume.

Walimu wa fizikia ambao shule zao hazina maabara wana kifaa hiki mfukoni tayari. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, hutolewa bure na huonyesha vipimo vyake papo hapo, hivyo inafaa waitumie darasani.