Picha Yaonyesha Mpaka, Haionyeshi Mfereji

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuiona picha ile ya Nairobi iliyopigwa kutoka angani. Upande mmoja ni uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, nyasi zake zimekatwa zikalala kama zulia. Upande wa pili ni Kibera, mabati yenye kutu yamebanana hata huoni pa kupitisha mguu. Aliyeipiga ni Johnny Miller, Mmarekani mkazi wa Cape Town, ambaye mwaka 2016 alianza kurusha ndege ndogo isiyo na rubani ili kuonyesha jinsi tajiri na maskini wanavyopakana.

Tuipe haki yake kwanza. Mtu aweza kucheza gofu miaka yote nyuma ya ua asimwone jirani yake. Picha hii imemnyima kisingizio cha kusema hakujua.

Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, haina mtu. Kutoka juu kiasi kile hakuna uso. Mama auzaye mboga na kijana atafutaye kibarua wote wamegeuka rangi ya kutu. Makazi ya wavujajasho yamekuwa pambo. Twasema "picha nzuri", kisha twafunua ukurasa.

Ya pili, haisemi sababu. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1906, enzi za mkoloni. Kibera ilikuwa msitu ambamo askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Mwingereza waliruhusiwa kukaa kwa vibali, bila hati za kumiliki ardhi. Nani alipewa hati na nani akapewa kibali, hilo kamera haiwezi kuliona kutoka mawinguni.

Chukua sasa mfano wa nyumbani. Simama Kahe, kusini mashariki ya Moshi, pale reli ya Tanga inapokutana na ile itokayo Voi. Asubuhi kabla ya mawingu utauona mlima wote: juu migomba na kahawa, chini tambarare yenye joto na vumbi. Mpiga picha angesema: wa juu wamejaliwa mvua, wa chini wamenyimwa, ndiyo kazi ya Mungu. Angekuwa na ukweli nusu.

Nusu ya pili imo mferejini. Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini ulikamilika kwa msaada wa Japani, ukitegemea maji ya mito ya Rau na Njoro. Mpunga ukastawi. Wakulima wa upande wa juu, ambao hawakuwamo katika mpango, nao wakaiona faida, wakayaelekeza maji mashambani mwao. Huko chini, kama vile Oria, maji yakapungua. Hapakujengwa ukuta wowote. Aliyepata na aliyekosa wote walikuwa wakulima wadogo wenye majembe.

Picha ya angani ingeonyesha nini hapo? Kijani na kahawia tu. Msomaji wa mjini angemtafuta bwanyenye asimpate, na kile kikao ambacho zamu za maji hugawanywa asingekiona kabisa. Tukikosea kumtambua mwenye kusababisha dhiki, dawa tutakayoipeleka haitaponya.

Basi, ndugu msomaji, picha ya namna hii ikifika mezani kwako, usiishie kusikitika. Uliza waliomo ni nani, na ni uamuzi gani uliotangulia kabla kamera haijafika. Wafundishe watoto wako kuuliza hivyo hivyo.

Na mpiga picha akija Kahe, tutamkaribisha. Lakini aiache ndege yake kwanza, akunje suruali, aufuate mfereji kwa miguu tangu kwenye banio hadi jaruba la mwisho. Akifika huko amkute mkulima anayengoja zamu yake, amwombe ruhusa, ndipo apige.