Kutoka Daftari la Zahanati hadi Ghala la Takwimu la Taifa: Namna ya Kupanga Mfumo Unaoweza Kukua

Msata ni mji mdogo wa njia panda. Barabara itokayo Bagamoyo kupitia Kiwangwa hukutana hapo na barabara kuu iendayo Chalinze kwa upande wa kusini na Segera kwa upande wa kaskazini. Wakazi wake ni wakulima, wafugaji na wafanyabiashara, na kila siku hupita abiria wa mikoa mingi. Mama mjamzito wa eneo hili anaweza kuanza kliniki katika zahanati ya kijijini, akajifungulia kituo cha afya cha Lugoba, akapewa rufaa kwenda Bagamoyo au Tumbi mjini Kibaha, na mtoto wake akachanjwa na wahudumu wa mkoba. Huyo ni mama mmoja, lakini habari zake zimeandikwa katika madaftari manne au matano yaliyo mbalimbali.

Je, nani anaweza kuyasoma madaftari hayo yote kwa pamoja na kutambua hatari kabla haijaleta msiba? Swali hili huonekana kuwa la wataalamu wa kompyuta, ilhali kwa hakika ni swali la tiba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika afya, kinachoisha bila habari ni uhai wa watu.

Tulikotoka

Nchi yetu ilianza kutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, katika miaka ya 1990. Mhudumu aliandika katika madaftari, akajumlisha mwisho wa mwezi, na fomu zikasafirishwa hadi wilayani. Wakati huohuo, Afrika Kusini iliyotoka katika ubaguzi wa rangi ilikuwa ikitafuta njia ya kuunganisha idara za afya zilizotenganishwa. Watafiti wa huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwei, walitengeneza programu ambayo kizazi chake cha pili, DHIS2, hutumika leo katika nchi nyingi duniani. Hapa Tanzania Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya majaribio, kabla ya programu hiyo kuenezwa nchi nzima mwaka 2013.

Kwa hiyo Msata na jirani zake si wageni wa jambo hili. Hata hivyo, programu ni tofali tu. Nyumba husimama kwa usanifu wake, na usanifu huanza kabla ya kompyuta ya kwanza kununuliwa.

Uamuzi kwanza, takwimu baadaye

Kosa kubwa katika kupanga mfumo wa aina hii ni kuanza kwa kuuliza, “Tukusanye nini?” Swali sahihi ni, “Nani ataamua nini, na lini?” Tuchukue mfano wa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Kila mama anayejifungua anahitaji sindano ya oksitosini, yuniti 10, mara tu mtoto azaliwapo. Dawa hiyo huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Uamuzi wa mfamasia wa Halmashauri ni mmoja: kituo gani kitaishiwa dawa kabla ya mgao ujao?

Tuseme kituo kimoja huzalisha akina mama 60 kwa mwezi, na kabatini zimebaki ampuli 40. Idadi ya waliojifungua imo katika daftari la wazazi la MTUHA, na idadi ya dawa imo katika mfumo wa ugavi. Kila mfumo peke yake hauonyeshi tatizo lolote. Ni pale namba hizo mbili zinapowekwa bega kwa bega ndipo hatari inapoonekana, siku kadhaa kabla ya mama kuanza kutokwa damu.

Ili zikae bega kwa bega, sharti kituo kitambulike kwa namba moja katika mifumo yote. Kama mfumo mmoja unaandika “Zahanati ya Msata” na mwingine “Msata Disp.”, kompyuta itadhani ni vituo viwili. Ndiyo maana rejesta kuu ya vituo vya afya, inayokipa kila kituo namba yake ya pekee, ni msingi wa nyumba yote. Pasipo msingi huo, kila dashibodi ni pambo.

Tabaka nne

Jukwaa kamili la uchambuzi lina tabaka nne. Ya kwanza ni vyanzo: madaftari, mifumo ya hospitali, maabara, ugavi na chanjo. Ya pili ni njia ya kubadilishana taarifa, ambayo hufanya kazi ya mkalimani ili mifumo inayozungumza lugha tofauti ielewane. Ya tatu ni ghala la takwimu, ambamo kila namba huhifadhiwa pamoja na mahali ilikotoka, kipindi chake na maana yake. Ya nne ni matumizi: taarifa, ramani na dashibodi.

Faida ya kutenganisha tabaka ni kwamba moja huweza kubadilishwa bila kuvunja nyingine. Pia kazi ya kuingiza takwimu hutengwa na kazi ya kuzichambua. Katika mifumo mingi ya aina hii, hesabu kubwa za uchambuzi hufanywa usiku, watumiaji wakiwa wachache. Hivyo basi, mhudumu aliyeingiza takwimu mchana na asizione katika dashibodi jioni hana haja ya kuziingiza upya. Aghalabu zitaonekana kesho yake.

Asilimia hazijumlishwi

Ghala lihifadhi idadi halisi, si asilimia. Chukua mfano wa zahanati iliyopokea wajawazito 10 ikawapima damu 9, sawa na asilimia 90. Kituo jirani kilipokea 190 kikawapima 95, sawa na asilimia 50. Anayechukua wastani wa asilimia hizo mbili atatangaza 70. Ukweli ni kwamba wajawazito 104 kati ya 200 walipimwa, yaani asilimia 52. Tofauti hiyo imewaficha wajawazito wengi ambao upungufu wao wa damu haukujulikana. Mfumo uliopangwa vema huhifadhi kiasi na kigawanyo, kisha hukokotoa upya katika kila ngazi.

Kigawanyo nacho kina mitihani yake. Katika mji wa njia panda, watoto wanaochanjwa hawatoki wote katika kata ile. Kituo kilichotarajia watoto 200 kikichanja 230 kitaonekana kimefikia asilimia 115, huku wapo watoto wa wafugaji ambao hawajafikiwa kabisa. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilitupa makadirio mapya ya idadi ya watu, lakini haiondoi wajibu wa mtaalamu kuijua jamii anayoihudumia.

Vilevile sifuri si sawa na nafasi tupu. “Hakuna kifo” ni habari njema. “Hakuna aliyejaza” ni giza. Mfumo usiotofautisha mambo hayo mawili huwapongeza walionyamaza.

Mipaka inapobadilika

Halmashauri ya Chalinze, ambamo Msata imo, ilitengwa kutoka Halmashauri ya Bagamoyo katika muongo uliopita. Kwa raia hilo lilikuwa badiliko la utawala, na kwa takwimu lilikuwa mtikisiko. Asiyejua historia hiyo anaweza kutazama mchoro wa Bagamoyo, akaona wagonjwa wa malaria wamepungua ghafla, akadhani ni ushindi, kumbe vituo vimehamia tawi jingine. Dawa yake ni kukihifadhi kituo kama jani lenye utambulisho wa kudumu, na kuhifadhi tarehe ya kila badiliko la matawi. Hapo mchambuzi ataweza kulinganisha vituo vilevile kabla na baada ya mgawanyo.

Kupanua bila kuelemewa

Mfumo unaotosha wilaya moja si lazima utoshe taifa. Taarifa za mwezi huingizwa na vituo vyote ndani ya siku chache za mwanzo wa mwezi unaofuata, kwa hiyo uwezo wa seva upimwe kwa siku hizo za msongamano, si kwa wastani wa mwezi. Nakala rudufu zihifadhiwe mahali pengine, na zijaribiwe kurejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Jirani zetu wa Kenya walipoeneza DHIS2 nchini mwao mwaka 2011, walichagua seva moja kuu inayofikiwa kwa intaneti ya simu, badala ya kusimika programu katika kompyuta ya kila wilaya. Uamuzi huo uliondoa adha ya kurekebisha mamia ya kompyuta zilizo mbali. Lakini mtandao na umeme vikikatika, kazi husimama. Kwa vijiji vya ndani, basi, kishikwambi kiweze kuhifadhi taarifa na kuzituma mawasiliano yakirejea, na daftari la karatasi lisitupwe kabla njia hiyo haijathibitika.

Kuna upanuzi mwingine unaosahauliwa: mzigo wa muuguzi. Kila safu inayoongezwa katika daftari hupunguza dakika za kumtazama mgonjwa. Napendekeza kanuni moja: takwimu ambayo haijatumika katika uamuzi wowote kwa mwaka mzima iondolewe, na inayoongezwa itajiwe mtumiaji wake.

Siri ya mgonjwa

Kadiri mifumo inavyounganishwa, ndivyo siri inavyokuwa rahisi kuvuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kiusanifu, maana yake ni kwamba jina la mgonjwa libaki mahali anapotibiwa, na ghala la uchambuzi lipokee idadi au utambulisho uliofichwa. Kila anayefungua taarifa aache alama ya nani amefungua, na lini. Katika kijiji kidogo hata idadi yaweza kufichua: “mgonjwa mmoja, mwanamke, umri wa miaka 50” hujulikana na jirani zake wote.

Wajibu wetu

Mhudumu wa afya, kabla ya kutuma taarifa ya mwezi, ilinganishe na ya mwezi uliopita na uulize sababu ya tofauti kubwa. Baada ya kutuma, dai mrejesho, kwani grafu ya kituo chako ibandikwe ukutani kwako kabla ya kupelekwa mkutanoni. Wajumbe wa Timu ya Uendeshaji Huduma za Afya ya Halmashauri, ingieni katika kikao cha Mpango Kabambe mkiwa na maswali matatu ambayo takwimu zinapaswa kuyajibu, na mseme nani atatekeleza majibu yake.

Nawe mgonjwa, taja majina yako kwa mpangilio uleule kila uendapo. Tunza kadi yako ya kliniki na uende nayo hata safarini. Unayo haki ya kuuliza kwa nini unaulizwa jambo fulani, na nani atalisoma jibu lako. Mhudumu anayekueleza hapotezi muda, kwa sababu mtu aliyeelewa hujibu kweli, na hakuna seva, hata iwe kubwa kiasi gani, iwezayo kusahihisha jibu la mtu aliyeogopa kusema.